Meza Ina Mwenyewe

13 Aprili

Chiriku wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi mzima, ukiacha goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio.

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma, kama huko gerezani mnaruhusiwa kukaa. Jana Jumamosi, saa tisa na dakika kumi mchana, baba yako fundi saa, mtu aliyeapa siku ya kumzika baba yako mdogo, aliyeuawa na pombe, kwamba hatakanyaga mlango wa baa mpaka naye abebwe, amekanyaga mlango wa baa. Tena baa inayopika bia yake yenyewe. Nilivaa kofia nzuri na kubeba mwavuli, ili nikikutana na mteja wangu niseme nimekimbia mvua. Jua lilikuwa la kupasua mawe.

Miaka sita umeniomba nije kwako, na miaka sita nimepita barabara ya pili. Imebidi ufungwe ndipo miguu yangu ilainike. Nisamehe kwa hilo.

Sasa sikia nilichokiona. Nyuma ya kioo niliiona sufuria yako kubwa ya shaba, ile yenye kovu ubavuni, uliyoibonyeza siku ya kuishusha kwenye lori ukanipigia simu unalia kama vile imekufa. Ilikuwa inachemka. Harufu ya kimea ilijaa chumba kizima, kama mkate unaokaribia kuiva. Nilikula soseji mbili na viazi, nikanywa soda ya tangawizi. Watu walikuwa wengi na hakuna aliyetapika, jambo ambalo lilinishangaza.

Baa yako ipo. Kazi yako wewe ni kumaliza miezi yako bila kugombana na mtu. Mumeo anakusalimu, anapika chakula asubuhi na bia mchana, kwa kufuata daftari lako, ila hana mkono wa barua. Unamjua.

Baba yako,
Fundi Saa


27 Aprili

Baba, shikamoo.

Na afande anayezisoma barua zetu kabla yangu, shikamoo kwake pia.

Nimeisoma barua yako mara nne, ya nne kwa sauti, na wenzangu wa chumba wakapiga makofi. Yule mmoja wa kitanda cha juu amesema mzee wa aina hiyo hata yeye angempenda. Baba, umekwenda! Nilikuwa nimeshakata tamaa. Nilijiambia utaingia kwangu siku nikizikwa, basi.

Hapa wamenipa kazi ya jikoni. Nakoroga uji wa watu mia tatu kwa mwiko mrefu kuliko mimi. Nikifumba macho nadhani ni kimea changu, nikifumbua ni uji. Nafumba sana. Usiku nafikiria yule mama wa mboga. Siku nzima nilikuwa naonja bia mpya, kijiko hiki, glasi ile, nikajidanganya kuwa kuonja si kunywa, nikashika usukani nikamgonga. Nyonga ya mtu imevunjika kwa sababu ya kuonja kwangu. Niulizie anaendeleaje, tafadhali, na usinipunguzie.

Nina maswali mawili. La kwanza, ulikaa meza gani? Nina sababu yangu ya kuuliza, usijali. La pili, mume wangu, huyo mpishi wangu, ana nini? Alikuja mara moja, mwezi wa kwanza, akatazama mikono yake nusu saa yote. Mwambie aandike hata mstari mmoja. Mwambie mkate wa machicha ya shayiri unataka chumvi mara mbili ya anavyodhani, kila siku nilikuwa namkumbusha. Mwambie nimebakiza miezi minane na kwamba siku zote hizo namhesabia yeye.

Mwanao,
Chiriku


11 Mei

Chiriku wangu, marahaba.

Yule mama anatembea na fimbo. Nilimpelekea salamu zako, akazipokea kwa kichwa tu. Umesema nisikupunguzie, sijakupunguzia.

Nimekuwa mtu wa baa kila Jumamosi, aibu yangu. Nakaa meza ya dirishani, ndiyo ninayoipenda, kwa sababu naziona sufuria vizuri na mwanga unanitosha kusoma. Mhudumu ameshanijua. Nikikaa tu soda inakuja, na jana wameniletea mbavu za ng'ombe laini hata mtu wa meno yangu ameziweza.

Jana wamefungua pipa jipya la ile bia nyeusi. Nilikwenda karibu kutazama, maana kazi yoyote ya mikono huwa inanivuta. Mumeo aligeuza bomba polepole, kama mimi ninavyofungua saa ya mtu mzima. Glasi ya kwanza ilijaa povu tupu. Akaimwaga yote kwenye sinki akasema, "Hiyo ya bomba." Glasi ya pili ikatoka nyeusi na kofia yake nyeupe, mteja akapewa. Niliipenda ile. Kifaa kinalipwa kwanza, binadamu baadaye.

Anakusalimu sana mumeo. Chumvi nimemwambia, akacheka. Kuandika ataandika, mikono yake ina mafuta ya kukaangia tangu asubuhi mpaka jioni, karatasi itawaka.

Kula vizuri.

Baba yako,
Fundi Saa


1 Juni

Mwalimu Kipara, shikamoo.

Najua hukutegemea barua yangu, hasa kutoka huku niliko. Ulinifundisha kupika bia miaka mitatu, kisha nikafungua baa yangu mitaa minne kutoka kwako, na mapishi ya bia nyeusi nikaondoka nayo kichwani. Uliniita mwizi mbele ya watu. Nilistahili robo tatu ya maneno yale, robo moja ulizidisha.

Nakuuliza jambo moja, unijibu kama mtu aliyewahi kula chumvi nami. Kuna mzee anakuja kwako Jumamosi mchana? Ana kofia, ana mwavuli hata kama hakuna wingu, anakunywa soda ya tangawizi.

Ni baba yangu. Ananiandikia kuwa anakwenda kwangu. Ameandika kuwa mume wangu alifungua pipa akamwaga glasi ya kwanza na kusema ni ya bomba. Mwalimu, katika watu wote ninaowajua ni wewe peke yako unayesema hivyo. Kwangu glasi ya kwanza ya kila pipa jipya hupelekwa jikoni kwa mpishi, hata iwe povu tupu, hata tuwe na watu mpaka barabarani. Nilimwekea utaratibu huo siku ya kwanza, kwa sababu alikuwa anatoka jasho nyuma huku sifa zote napewa mimi mbele. Miaka sita hajakosa. Hawezi kuimwaga. Angekuwa anamwaga haki yake mwenyewe.

Lakini mzee ameiona sufuria yangu yenye kovu. Hilo halitungiki. Kwa hiyo niambie, sufuria yangu inafanya nini kwako, na mume wangu yuko wapi?

Mwanafunzi wako wa zamani


16 Juni

Binti,

Marahaba. Barua yako imenikuta naosha mapipa, nikageuza moja nikakaa juu yake kuisoma. Hujabadilika. Unaanza kwa kuomba radhi, unamalizia kwa kunishika koo.

Ni kwangu. Sufuria zako mbili niliuziwa na mumeo mwezi wa tatu. Alisema mmekubaliana, na mimi sikuuliza mara mbili kwa sababu nilikuwa nazitaka. Hilo ni kosa langu. Baa yako imefungwa tangu wakati huo. Mumeo hayupo mjini. Nani alikwenda naye sitakuandikia mimi, yupo wa kukuandikia.

Mzee wako huja kila Jumamosi, saa tisa na dakika kumi. Siku ya kwanza nilidhani ni mkaguzi, maana alikuwa na daftari na aliuliza kila kitu jina lake. Hii inaitwaje, ile inakaa siku ngapi, huyu mnamwitaje. Ametutengenezea saa za mkononi sisi sote humu ndani na amekataa hata ahsante. Siku moja nikamuuliza, "Mzee, wewe hunywi, unakuja kutazama nini?" Akanionyesha kwa mwavuli. "Ile ya binti yangu."

Na jambo jingine. Sufuria yako ikianza kuchemka, anavua kofia. Anaiweka kwenye goti mpaka tupunguze moto. Wahudumu walikuwa wanacheka. Siku hizi hawacheki.

Sijamwambia kuwa umeniandikia. Sijui mnafichana nini na sitaki kuwa mwiba katikati yenu.

Kipara


29 Juni

Chiriku wangu,

Wiki saba sijapata mstari wako. Kama ni mafua, kunywa maji ya moto. Kama umegombana na mtu, mwombe radhi hata kama kosa ni lake, kisha utoke urudi nyumbani kwa wakati.

Kwako kila kitu kinakwenda kama saa. Mumeo amebadilisha mapazia, ameweka ya kijani. Alikuwa aandike wiki hii, lakini ameumia kidole cha kuandikia, amekikata na kisu cha vitunguu. Si sana.

Jumamosi nilikula samaki wa kukaanga. Nilikukumbuka.

Baba yako,
Fundi Saa


13 Julai

Baba, shikamoo.

Kidole cha kuandikia. Baba! Mume wangu anaandika kwa mkono wa kushoto na kisu anashika kwa huo huo wa kushoto. Angejikata cha kulia.

Njia ya mwongo ni fupi, ni wewe uliyenifundisha, nilipokuwa na miaka minane na sukari mdomoni. Nimeandikiana na Kipara. Najua baa imefungwa. Najua uko kwa nani kila Jumamosi. Nimejua nikiwa nimesimama kwenye foleni ya uji, nimebeba bakuli, na nikaendelea kusimama kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na watu.

Nimekukasirikia mpaka nimeshindwa kushika kalamu. Mimi si mtoto. Nimehukumiwa kama mtu mzima, nalala kama mtu mzima, lakini baba yangu ananiletea hadithi za kunibembeleza. Umenifanya nimtumie salamu mtu ambaye hayupo. Nimemwandikia habari ya chumvi, baba. Nilikuwa namhesabia siku. Unajua maana yake, kulala kila siku umepunguza siku moja kwa ajili ya mtu, na yule mtu ameshaondoka kitambo?

Niambie sasa. Yote, na kwa mpangilio, kama unavyomweleza mteja saa yake imekufa wapi. Usinipambie.

Chiriku


27 Julai

Mwanangu,

Nitakwambia kwa mpangilio.

Tarehe nane mwezi wa tatu mumeo alikuja dukani kwangu na funguo za baa. Alikuwa ameshauza sufuria. Aliniambia anakwenda kupika katika hoteli ya mji mwingine, na kwamba haendi peke yake, anakwenda na yule dada wa kaunta yenu. Akasema, "Mzee, nimeshindwa kumwambia. Mwambie wewe." Nikamjibu kuwa mimi ni fundi saa, si tarishi. Lakini funguo nilizipokea, na hapo ndipo nilipokosea. Ningemwachia mzigo wake mwenyewe.

Wiki nne nilishika kalamu. Naandika "Mumeo", natulia pale. Nilichana karatasi nyingi. Nilikuwa naona sura yako ya siku ile mahakamani, na nikajua ukiongezewa hili utavunjika, na mimi niko mbali na goti hili, sifiki hata kukushika mkono. Kisha mtu akaniambia sufuria zako ziko kwa Kipara. Nilikwenda kuzitazama tu, nirudi. Nilipoiona ile yenye kovu inachemka, nikasema hiki angalau naweza kumwandikia bila kusema uongo. Na kweli haukuwa uongo. Uongo ulianza nilipoandika kwamba ni kwako. Baada ya hapo kila Jumamosi nililazimika kwenda ili niwe na cha kukuandikia, na nilikuwa nachukua mambo ya Kipara namvika mumeo. Mapazia ya kijani ni ya kwangu dukani.

Nisamehe. Nilitaka uwe na pa kurudi, hata kama ni kwenye karatasi.

Limebaki moja, na hili ndilo linalonikera kuliko mengine. Kwako niliingia. Mara moja. Ilikuwa tarehe ishirini na tisa mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, nilipokwenda kumkabidhi mwenye nyumba funguo zake. Miaka sita unaniita nikiwa na miguu miwili mizima, nikaja siku hakuna mtu.

Pazuri, Chiriku. Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa pazuri. Au mliniambia na mimi sikusikia. Ile saa ya ukutani niliyokupelekea kwa mkono wa mtu siku ya ufunguzi ilikuwa inachelewa dakika saba. Nilipanda juu ya kreti nikairekebisha. Upuuzi mtupu, nani angeitazama?

Meza zote zilikuwa zimepandishiwa viti juu, isipokuwa moja, ile iliyo karibu na mlango wa jikoni. Hiyo viti vyake vilikuwa chini, kitambaa kimetandikwa, na juu yake kibao kidogo cha mbao: MEZA HII INA MWENYEWE. Mwandiko ulikuwa wako. Goti lilikuwa linaniuma na nilitaka kukaa, lakini sikukaa. Nilisema hii ni meza ya watu. Nilisimama kama nusu saa, nikitazama alama za sufuria sakafuni, kisha nikafunga mlango.

Kibao nilikitia mfukoni. Sikuiba, niliona kitatupwa, na mwandiko ulikuwa wako. Ninacho hapa kwenye droo ya miwani. Nadhani ni cha mteja wenu mkubwa. Nitajie jina lake, nitamtafuta nimpelekee.

Baba yako


10 Agosti

Baba, shikamoo.

Nimelia siku tatu, nitalia tena, tusidanganyane. Yule mtu nilikuwa nampenda. Hata glasi yake ya kwanza, nikikumbuka alivyokuwa akiipokea mlangoni mwa jikoni, mkono mmoja una unga, naona bado inaniuma hapa. Sijui nitaiacha lini. Mwenzangu wa kitanda cha juu anasema miaka miwili, yeye ana uzoefu.

Hasira zangu kwako zimekwisha. Nilizitafuta jana nikazikosa.

Sasa kibao. Hutahitaji kumtafuta mwenyewe, baba. Kibao ni chako.

Nilikiandika wiki ile ile tuliyofungua. Ulisema huji, nikasema sawa, lakini ukibadilisha mawazo usikute pamejaa. Kila Jumamosi, miaka sita, meza ile haikukaliwa na mtu. Kulikuwa na siku watu wanakula wamesimama, sahani mkononi, na mpishi ananinong'oneza, "Chiriku, mzee wako haji, tupe watu meza." Nikakataa. Chini ya kaunta kulikuwa na chupa mbili za soda ya tangawizi kwenye barafu, na wahudumu wote waliambiwa: mzee, kofia, mwavuli hata kama kuna jua, akiingia msimuulize chochote, mpelekeni mezani kwake. Niliichagua karibu na jikoni ili usimwone mtu akinywa.

Ndiyo maana nilikuuliza ulikaa meza gani. Uliponijibu dirishani, nilijua kuwa hukuwa kwangu. Ile habari ya glasi ilinithibitishia tu. Nilikaa wiki tatu nikijidanganya kwamba pengine wamesahau, pengine mhudumu ni mgeni.

Na yule mpishi, siku anapandisha viti vyote aondoke zake, ile meza yako hakuigusa. Hilo nalo limeniliza. Ingekuwa rahisi kama angeigusa.

Sina baa, baba. Sina mume. Nikitoka sijui nitaanzia wapi, na usiniandikie kuwa mambo yatakuwa sawa, hujui, na mimi sijui. Niandikie ya kweli tu. Niandikie ya Kipara kwa jina la Kipara, na kama sufuria imechemka, na kama ulivua kofia.

Jumamosi hii, goti likiruhusu, nenda. Kitoe kibao kwenye droo, ukiweke juu ya meza yoyote utakayoikuta.

Kisha ukae, baba.

Mwanao,
Chiriku